Jina la Binti wa Tatu

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya muhula wa pili, mwaka 2014, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu mpiga picha aliiuliza, akaiandika kwa chaki kwenye kibao kidogo, akakishika kibao mbele ya uso wa mama kama mtu anayemwonyesha mtoto herufi.

Tulikuwa chumba cha mbele, nyumbani kwetu Bwera. Mama alikuwa amekalia kiti cha plastiki tulichoazima kwa jirani, maana chetu mguu wake mmoja ulifungwa kwa waya na watu wa filamu walisema kinalia. Alivaa kitenge cha misa. Mimi nilikaa chini juu ya jerikeni, pembeni, mahali ambapo kamera haifiki. Karibu nami alikaa yule mwanamke kutoka Kampala aliyekuwa mwenye filamu. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri.

Mama anauza samaki wa chumvi. Anawatoa Katunguru, anawauza soko la Mpondwe, mpakani, kila Jumanne na Ijumaa, na wanunuzi wake wengi wanatoka ng'ambo, Kongo, ambako na yeye alitoka. Alivuka wakati wa vita akiwa na mimi mgongoni. Hayo nilikuwa nayajua tangu nijue kusimama. Anasema Kinande, na Kiswahili cha kule, na Kifaransa kidogo anachokitumia kuhesabia na kukasirikia. Kiingereza hana. Yule mwanamke wa Kampala alikuwa na Kiganda na Kiingereza, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu ya "jambo". Alikuwa akitengeneza filamu kuhusu akina mama waliookoka vitani na watoto wao, na parokia ndiyo ilimwelekeza kwa mama.

Walitaka mwalimu wangu wa Kiingereza ndiye atafsiri. Mama alikataa.

"Mwalimu ni mutu mwema," alisema, "lakini maneno yangu itapita mu kinywa ya mutoto wangu. Kama si yeye, barudi kwao."

Nilifurahi, tena nikaogopa. Mimi darasani hujibu nikinyooshewa kidole tu, na nikijibu nalitazama dawati. Wenzangu waliniita Redio Bila Betri.

Jioni iliyotangulia, mama akisonga bundu, ugali wa muhogo, aliniambia bila kugeuka, "Kesho utasikia maneno haujasikiaka. Usisimame. Wewe sema tu vile nitasema."

"Maneno gani, mama?"

"Leta sahani."

Nilidhani yatakuwa maneno ya askari, ya yale waliyowatendea wanawake vitani. Shuleni sote tunajua kwamba baadhi ya akina mama wana maneno ya askari ambayo hawajayasema. Basi nikachukua kamusi nikatafuta yale maneno mazito kwa Kiingereza, nikayaandika kwa kalamu kiganjani ili nisikwame. Hivyo ndivyo nilivyojiandaa. Niliandaa kiganja kwa jambo lingine kabisa.

Kabla ya kuanza, yule mwanamke alitaka kupima sauti. Akanisogezea kipaza sauti, akaniuliza jina langu. Nikalitaja. Akauliza lina maana gani. Hapo mimi, nisiyesema, nikasema. Sijui ni nini kilinipata. Labda ni kwa sababu aliniuliza kitu ninachokijua.

Nikamweleza kwamba Wakonzo wa huku na Wanande wa ng'ambo ni watu wamoja, mto ndio uliowagawa, na kwetu mtoto hatafutiwi jina, anahesabiwa. Wasichana wana orodha yao na wavulana yao. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, kijiji hadi kijiji. Kila mama anaanza hesabu yake mwenyewe kutoka tumbo lake. Na mtoto aliyeishi siku moja akafa haondoki kwenye hesabu, nafasi yake haikaliwi na mwingine. Kwa hiyo ukisikia jina la msichana unajua ametanguliwa na dada wangapi. Langu ni la binti wa tatu.

Yule mwanamke alimgeukia mpiga picha, akamwambia awashe kamera. Kisha akaniambia nimuulize mama: wale wawili wa kwanza wako wapi?

Jibu nilikuwa nalo, au nilidhani ninalo. Tangu utoto mama alikuwa akiniambia, "Wa mbele walibaki njiani." Kwetu mtu akikuambia fulani alibaki, humuulizi zaidi, unamwongezea chai. Nilijua wamekufa. Lakini nikamuuliza, kwa kuwa ndiyo kazi niliyopewa.

Mama hakuitazama kamera. Alinitazama mimi.

"Huyu ni wa tatu, ndiyo," alisema. "Lakini si wa tumbo yangu. Mimi nilizaa moja tu, mwanamuke, akakufa na homa siku ine mbele ya kukimbia. Maziwa ilikuwa ingali mu matiti. Mu njia tukatembea na mama moja wa upande wa Butembo. Alikuwa na kovu ya moto ku mukono wa kushoto, mafuta ya mawese ilimumwangikia. Alikuwa na banamuke batatu: bawili banatembea, moja mu mugongo. Ule mukubwa alibeba sufuria ku kichwa, hakutaka kuiacha. Yule mama maziwa yake ilikauka. Akaniambia, dada, unyonyeshe mutoto wangu. Nikamubeba siku tatu. Ya tatu, pa njia panda, masasi ikalia. Yeye na bale bawili bakakimbia huku, mimi na mutoto huku. Nikafika ku muto Lubiriha, nikavuka. Sikumuona tena."

Akajipangusa midomo kwa ncha ya kitenge. Mpiga picha hakuelewa neno hata moja lakini alisogea karibu.

"Jina sikubadilisha," mama akaendelea. "Ningemuita jina ya wa pili, nani angejua? Lakini hesabu ni ya mwenzangu, siwezi kuiiba. Mwaka muzima nilikuwa namutafuta, kila siku ya soko nauliza. Kisha nikaacha. Niseme kweli. Niliacha juu nilianza kuogopa atakuja kumuchukua."

Ndipo alipoigeukia kamera, mara ya kwanza asubuhi ile.

"Kama hii filamu inafika Beni, inafika Butembo, na wewe mama uko muzima: mutoto wako wa tatu iko muzima. Iko hapa Bwera. Anasoma. Ukuje umuone."

Kisha wote watatu wakanitazama.

Nimelirudia tendo hili mara nyingi katika daftari ninamoandika haya, na kila mara nalitafutia maneno ya kulipunguza. Sitalipunguza. Nilifungua kinywa nikasema kwa Kiingereza safi, bila kukwama: mama anasema mabinti wawili walionitangulia walikufa vitani, na mimi ndiye Mungu aliyemwachia.

Ningependa kusema kwamba nilishtuka na ulimi ukateleza. Haikuwa hivyo. Nilikuwa na nafasi ya kupumua na nikapumua. Niliona kwamba neno hilo likisemwa kwa Kiingereza, mbele ya watu wa Kampala, litakuwa kweli, na kesho kutwa mwanamke mwenye kovu atasimama mlangoni kwetu aniambie nikusanye nguo. Na niliona aibu pia, aibu ndogo ya kijinga: dirishani walikuwa wamejazana watoto wa majirani, wasiojua Kiswahili cha mama lakini Kiingereza cha shule wanakijua, na nilifikiri watajua mimi ni mtoto wa kuokotwa.

Uongo mmoja hauketi peke yake. Yule mwanamke alikuwa na machozi, akaniambia, muulize anahisi nini anapokutazama. Sikuweza kumuuliza mama hilo, maana angegundua kwamba swali limetokana na maneno ambayo yeye hakuyasema. Nikamwambia mama, "Anauliza hii nyumba ulijenga lini."

"Nyumba?"

"Ndiyo, nyumba."

Mama alishangaa. Alitazama juu kwenye paa kama mtu aliyeitwa kutoka usingizini, halafu, kwa kuwa ni mtu wa heshima na ameulizwa na mgeni, akajibu. Alieleza mabati aliyanunua moja moja, na matatu ya mwisho yalikuja na matundu, na muuzaji akamwambia matundu ni ya bure, yanaingiza mwanga. Mzaha huo siku zote humchekesha mwenyewe. Siku ile hakucheka. Yule mwanamke wa Kampala alitikisa kichwa polepole, machozi yakimshuka, akisikiliza habari za mabati.

"Anasemaje?" aliniuliza.

Nikasema: anasema akinitazama mimi anatuona wote watatu.

Niliitunga sentensi hiyo palepale. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine, kwamba ilikuwa nzuri na ilinijia kwa urahisi, mimi ninayekwama kusoma shairi mbele ya darasa.

Walipomaliza kufunga vyombo vyao, mama alinivuta nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo.

"Ulisema yote?"

"Yote."

"Na kovu?"

"Na kovu."

"Na sufuria ya ule mukubwa?"

"Yote, mama."

Akanishika shingo kwa nyuma, mkono wake unaonuka chumvi hata akiuosha kwa limao. Kisha akaingia ndani akalala mchana, jambo ambalo halifanyi hata akiwa na malaria.

Watu wa filamu walilala siku mbili Mweya, mbugani, wapige picha za maji na tembo za kuweka katikati ya maneno. Siku mbili. Namba yao ya simu walikuwa wameniachia kwenye karatasi, na karatasi nilikuwa nimeiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Niliitoa mara tano, na mara tano niliirudisha. Siku ya tatu nilijiambia wameshafika Kampala, nikahisi nafuu kama mtu aliyekosa basi la kwenda kwenye mtihani.

Mama alikuwa akinisubiri nimuulize. Hilo nalijua sasa. Tulipokuwa tunapanga samaki, alikuwa akianza, "Yule mama..." halafu ananyamaza, ananipa nafasi. Mimi naiacha nafasi ipite, nasema chumvi imeisha. Alidhani nina uchungu, akaniachia uchungu wangu. Jumanne na Ijumaa alikuwa akiigeuza meza yake ielekee daraja la mpakani. Baada ya Krismasi alinunua sahani tatu mpya za udongo zenye maua, akaziweka juu ya kabati bila kuzitumia.

"Za nini, mama?"

"Bageni banaweza kuja," alisema.

Hapo ndipo ningesema. Nilizipangusa vumbi kila Jumamosi na sikusema.

Filamu ilirudi mwaka uliofuata, siku ya Alhamisi mchana, ukumbi wa parokia. Waliziba madirisha kwa mablanketi na maturubai, wakawasha jenereta, wakatundika shuka. Mama aliketi mstari wa mbele, kitenge kilekile cha misa. Kando yake alikaa jirani yetu aliyetuazima kiti, mama wa Kikenya ambaye mumewe anafanya kazi kiwanda cha saruji. Kiingereza anakijua kutuzidi sote.

Uso wa mama ulipotokea kwenye shuka, mkubwa kama mlango, jirani akamgonga kwa kiwiko. "Ona kiti changu, mama. Kimekuwa staa, na hakijanilipa hata soda."

Watu walicheka. Mama pia alicheka, akiwa ameinama mbele. Kwenye shuka alifungua kinywa, tukasikia sauti yake ikisema, "Huyu ni wa tatu, ndiyo." Baada ya hapo sauti ya mwanamke mwingine ilishuka juu yake, Kiingereza laini cha redioni, ikamfunika. Midomo ya mama iliendelea kutembea. Nilimwona akigeuza sikio, akijaribu kujisikia chini ya ile sauti. Midomo ilisema Beni, ilisema Butembo, nilizijua kwa umbo. Kisha yakaja maji ya Mweya, na ndege mweupe juu ya maji, na ile sauti ikatamka sentensi yangu: akinitazama mimi anatuona wote watatu. Watu wa nyuma wanaojua Kiingereza wakapiga makofi.

Taa zilipowashwa, jirani alimshika mama mikono yote miwili. Hakuwa na utani tena.

"Pole sana, mama. Miaka yote hii tunaishi ukuta kwa ukuta na hujatuambia. Watoto wawili, jameni."

"Bawili gani?" mama akauliza.

"Hao mabinti wako wa kwanza. Waliokufa vitani. Si ndivyo umesema hapo?"

Mama alinitafuta kwa macho, nami nilikuwa nimesimama penye nguzo. Alinipata. Hakukunja uso. Alinitazama tu vile anavyotazama samaki aliyeuziwa kama mzima halafu anafungua tumbo lake. Wakati huohuo wanawake wa parokia walikuwa wameshapanga mstari wa kumpa pole, na kwetu mkono wa pole haukataliwi. Akaupokea mmoja mmoja. Aksanti. Aksanti, mama. Aksanti. Nilihesabu mikono hadi nikashindwa.

Njiani alitangulia. Alifungua mlango, akakaa juu ya jerikeni, ileile.

"Batoto ba bantu umebazika," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimepokea pole ya batoto labda beko bazima. Na mama yao umemufungia mulango. Juu ya nini?"

"Niliogopa atakuja."

Alivua viatu, kimoja, halafu kingine, akaviweka sawasawa.

"Ata mimi niliogopa," akasema. "Lakini mimi nilisema."

Hakula. Nilimwekea chakula katika sahani moja ya maua, sijui kwa nini niliichagua ile, na aliirudisha kabatini ikiwa safi, chakula amekihamishia kwenye sahani ya zamani na kukifunika.

Asubuhi, Ijumaa, nilipoamka alikuwa ameshaondoka na samaki wake peke yake. Siku za soko huwa ananiamsha nimtwike. Sare yangu ya shule ilikuwa juu ya kiti, imepigwa pasi. Niliivaa. Nilifika penye njia ya shule, nikaipita, nikashika barabara ya Mpondwe kwa miguu.

Wanawake wa ng'ambo wakishavuka daraja huwa wanatua mizigo mahali pamoja, chini ya ukuta, wapumzike kabla ya kuingia sokoni. Meza ya mama haiko mbali. Aliniona. Hakuniita, wala hakunifukuza.

Nilimwendea wa kwanza, mama mnene aliyekuwa akifungua ndoo ya mawese. Nikamwamkia, nikaanza. Hakusikia.

"Sauti, mama, sauti," aliniambia. "Hapa ni soko, si kitubio."

Wenzake wakacheka. "Wamemutuma kuomba mafuta," mmoja akasema, "anaona haya."

Nilitazama viatu vyangu. Halafu nikainua kichwa nikaanza tena, nikayasema maneno ya mama vile alivyoyasema yeye, kwa Kiswahili chake, bila kutafsiri chochote: kulikuwa mama wa upande wa Butembo, na kovu ya moto, na banamuke batatu, na ule mukubwa alibeba sufuria. Njia panda. Masasi. Lubiriha. Kwamba mutoto wake wa tatu iko muzima, iko Bwera, anasoma.

Kicheko kiliisha nilipofikia sufuria.

"Jina yako nani?" yule wa mawese aliniuliza.

Nikalitaja, kwa sauti.

Aliinua vidole vitatu, akakunja kimoja, akabaki na viwili. "Na hawa?"

"Ndio natafuta."

Alifunika ndoo yake kwanza, akafunga kamba. "Nitasema ku parokia yetu," akasema. "Kovu ni mukono gani?"

"Wa kushoto," nikajibu, na kwenye meza ya samaki mama alikuwa ameacha kupanga, kisu kikiwa mkononi.

Nikamshukuru yule mama, nikahamia kwa aliyefuata.